Kila Mgeni Huinama Mlangoni

Kaka yangu aliniambia nichague: mbwa au watu. Nikamjibu kwamba watu nimeshawajua, na kwa umri huu hawana jipya la kunionyesha. Aniache kwanza nimjue mbwa. Hakucheka. Alikuja kutoka Jang'ombe moja kwa moja baada ya sala ya Ijumaa, kanzu imenyooka, na mbwa wangu alikuwa amemzuia kwenye ngazi za baraza, mguu mmoja una kubadhi na mwengine hauna. Mwanamume wa heshima zake, anayepishwa njia sokoni, amesimama mguu mmoja kama korongo. Nilijua tangu pale kuwa hatanisamehe upesi.

Mbwa huyo ana jina, lakini silitaji hapa. Mtaani kwetu Chukwani wanamwita "yule mbwa", na kwa kuwa hawakutaka kumjua, sioni kwa nini niwape jina lake bure.

Nakaa peke yangu. Mume wangu alifariki, wanangu wako bara na kila mmoja ana kwake. Nyumba hii tuliijenga mimi na marehemu kidogo kidogo, tukihama kutoka vyumba vya kupanga Mji Mkongwe, na barazani ndipo lilipo cherehani langu. Nashona sare za skuli na mabuibui. Siku moja wezi waliruka ukuta wakang'oa pampu ya maji, mimi nimelala. Haikupita wiki ukoo ukakaa kikao, bila ya mimi, na nikaletewa uamuzi: nyumba ipangishwe, na mimi nihamie Jang'ombe kwenye chumba cha nyuma cha kaka, kile kinachowekwa masufuria ya shughuli. Mwanamke hakai peke yake Chukwani, walisema. Walisema kwa mapenzi, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana mapenzi ya namna hiyo huna pa kuyashika ukayagombeza.

Sikugomba. Nilileta mbwa.

Nilimpata ufukweni, chini ya nyumba zetu, kidume chembamba cha rangi ya mchanga, sikio moja limechanika. Nilimtupia kichwa cha samaki changu, akanifuata kwa mbali mpaka getini, nami sikumfukuza. Mwezi haukuisha ukuta wangu ukawa haurukwi. Chumba cha masufuria kikabaki na masufuria yake.

"Mchezea mbwa huingia naye msikitini," kaka aliniambia aliposikia.

"Mimi mwanamke, kaka. Nasali nyumbani."

"Na hiyo nyumba malaika wataingiaje?"

Nikamweleza kwamba mbwa hakanyagi kizingiti. Ana bakuli lake, halichanganywi na chombo cha mtu. Nguo zangu za sala zinakaa ndani, na akinigusa akiwa majimaji najua la kufanya: maji mara saba, moja kwa udongo, na udongo Chukwani haununuliwi. Nilisoma chuo cha Qur'ani kama walivyosoma wao, kwenye jamvi lile lile, kwa bakora ile ile, na nilifunzwa pia kwamba mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake. Kaka akasema ruhusa si amri. Hapo nilimpa haki yake, alisema kweli.

Lakini sitaki mtu afikiri nilipata malaika wa miguu minne. Alikuwa na tabu, tena tabu za kuaibisha. Ya kwanza ilikuwa adhana. Msikiti hauko mbali nasi, na kila muadhini alipoanza, mbwa wangu aliinua pua juu akaanza naye, akivuta sauti mpaka mwisho wa pumzi. Jirani yangu wa mkabala, bibi mmoja mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, alivuka njia akaja kuniambia kwamba shetani huwa anapiga kelele anaposikia mwito wa sala, hilo linajulikana. Nikamwambia shetani hukimbia, na huyu hakimbii, amekaa tu. Akaniangalia, akarudi kwake.

Nikalitafutia dawa. Nilipekua kwenye simu, nikaona wazungu na mbwa wao wanavyofundishwa kwa vipande vya jibini na soseji, kila mbwa ana godoro zuri kuliko langu. Jibini sina. Nina dagaa wakavu, na mbwa aliyekulia ufukweni haulizi jibini liko wapi. Nilianza kumpa mfupa wa kutafuna kabla tu ya adhana, nikikisia kwa saa ya ukutani, na mdomo uliojaa hauimbi. Baada ya muda adhana ikawa kwake ni habari ya mfupa. Ikianza, anakuja kulala mbele ya baraza, kimya, akiningoja. Jirani hakusema kitu. Kwa jirani yangu hiyo ni hongera.

Ya pili ilikuwa viatu. Nyumba zetu viatu huvuliwa nje, na kwa mbwa mchanga huo ni ukarimu wa ajabu: kila mgeni anakuachia kitu cha kutafuna mlangoni kisha anaingia ndani asikuone. Wateja wangu wawili walirudi kwao peku. Nikapigilia rafu ya mbao juu ya kimo chake, nikampa kumbi la nazi lake mwenyewe la kumalizia hasira za meno, likaisha hilo.

Ya tatu haikuisha. Mgeni alipofika ngazini tu, hata kama getini alikuwa amemnusa na kumtikisia mkia, mbwa alimrukia kwa kubweka, meno nje, manyoya ya mgongo yamesimama. Hakuwahi kumuuma mtu, lakini nani angoje aumwe ndiyo aamini? Wateja wakaanza kunipigia simu nitoke njiani niwapime pale pale, utepe shingoni, mbele ya wapita njia. Shoga yangu wa tangu utotoni, anayekuja kila Ijumaa kutoka Mji Mkongwe tukapiga soga, alikuwa akisimama nje ya geti akiniita kwa jina la marehemu bibi yangu, ili nijue nimemuudhi.

Kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wateja walisema anachukia mabuibui. Kaka alisema anachukia kanzu. Jirani wa magoti, ambaye yeye hakuwahi kubwekewa hata mara moja, alisema mbwa anamwogopa kwa sababu yeye hafiki mlangoni kwangu ila ameshasoma Ayatul Kursiyyu. Kisha fundi wa pampu, kijana Mkristo wa kutoka bara, alipita mpaka jikoni na mabuti yake bila mbwa kuinua kichwa, na mtaa mzima ukamaliza utafiti: yule mbwa anajua dini za watu, anawabwekea Waislamu tu. Nilicheka nilipoambiwa, kisha nikaona hawacheki wenzangu.

Mambo yalikuwa hapo kaka alipokuja ile Ijumaa akasimamishwa mguu mmoja. Shaaban ilikuwa inakaribia, na kila Shaaban tunamsomea mama yetu khitma, nyumbani kwangu. Kwangu, kwa sababu mama alimalizia siku zake kwangu. Nilimwogesha na kumlisha mimi, na aliaga dunia kwenye chumba kinachoelekea bahari.

"Khitma mwaka huu itakuwa Jang'ombe," kaka alisema alipokwisha kukaa na kupanguza uso. "Watu hawawezi kuja kusoma Qur'ani kwa kutishwa na mbwa. Na nyumba isiyoingiwa na watu si nyumba, mdogo wangu. Nshakwambia tangu mwanzo."

"Khitma ya mama itasomwa hapa."

"Basi mbwa aondoke."

"Akiondoka mbwa mtasema nisikae peke yangu."

Akaanza kuinyoosha kanzu yake magotini, nikajua nimepiga palepale. Alikuwa ameshauona mwisho wa njia yenyewe: mbwa anatoka, mimi nafuata, na funguo za nyumba yangu zinaning'inia kwenye msumari wa ukuta wake.

"Hebu tuseme hivi," akasema. "Siku ya khitma, watu waingie, wasome, wale, watoke, mbwa asimtishe hata mmoja. Ikiwa hivyo, mimi sitasema tena. Isipokuwa hivyo, unakuja kwetu, na maneno yakomee hapo."

Nikasema naam. Nilisema haraka, kwa hasira, bila ya kujua nitafanyaje. Alipoondoka nilikaa barazani nikamtazama mbwa, na mbwa akanitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa, si meno yake, bali kwamba nimeweka nyumba yangu yote kwenye kichwa chake.

Nilijaribu kwanza kama wanavyoshauri watu. Nikamfunga mnyororo. Akabweka mpaka sauti ikamkauka, na wageni wakamwogopa zaidi, kwa sababu mbwa aliyefungwa anaonekana ana la kufungiwa. Nikamfokea, akadhani tunabweka wote wawili. Nikawaambia wageni wavue viatu mbali zaidi, katikati ya ua, ndiyo ikawa balaa kamili.

Aliyenifumbua macho ni shoga yangu, wala hakukusudia. Ijumaa iliyofuata nilimpokea getini, mbwa akamnusa, akamtikisia mkia, tukatembea sote watatu vizuri mpaka ngazini. Shoga akainama kufungua kishikizo cha kiatu. Mbwa akalipuka. Shoga akaruka akasimama wima, mkono kifuani, na mbwa akanyamaza kama redio iliyochomolewa. Shoga akangoja kidogo, akainama amalizie. Mbwa akalipuka tena.

"Simama," nikamwambia. "Haya, inama."

"Unanchezea mie?"

"Inama, shoga. Kidogo tu. Sasa simama."

Akainama, akasimama, akainama, akasimama, akinitukana kila anapofika juu, na mbwa akibweka na kunyamaza, kubweka na kunyamaza. Nikakaa chini kwenye ngazi. Mwanamume wa mabuti havui mabuti. Jirani wa magoti hawezi kuinama. Hushika nguzo ya baraza akazitupa ndara zake kwa miguu, wima kama mlingoti. Na mimi mwenyewe, kila asubuhi nikifagia ua kwa ufagio wa chelewa, mgongo chini, mbwa wangu alikuwa akijificha chini ya tangi la maji, na mimi nikidhani hapendi vumbi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kisiwani kwetu, mtoto hajajua kusoma ameshajua la kumfanya mbwa: inama. Hata kama hapana jiwe, inama tu kama unaokota, atakimbia. Mkono umejifunza wenyewe, haungoji akili. Kwa hiyo mbwa wa ufukweni anajua jambo moja kuhusu binaadamu kuliko yote, kwamba mgongo ukiinama, jiwe linakuja. Kisha nimemleta nyumbani nikamweka mlangoni, mahali ambapo kila mtu mwenye adabu zake anafika na kuinama. Tulimfundisha sote, mji mzima, halafu tukauliza ana nini.

Nilimweleza kaka kwenye simu. Akasema, "Sasa unataka watu wasivue viatu?" Nikasema sitaki watu wafanye chochote. Nataka wainame kama walivyozoea. Atakayebadilika ni mbwa.

Nikaanza na mgongo wangu mwenyewe. Alikuwa amelala kwenye gunia lake karibu na tangi, nami mbali, kule kwenye mlimao. Nikainama kidogo tu, kama mtu aliyeona sindano chini, nikadondosha dagaa, nikaondoka. Alingoja mpaka nimeingia ndani ndipo akaja kumchukua. Mkono mtupu haulambwi, na wangu haukuwa mtupu hata siku moja. Nikainama zaidi. Nikasogea. Nikainama na kubadhi mkononi, nikainama na kugusa ardhi kabisa, na kila mkono uliposhuka ulipanda umeacha samaki. Mgongo ulinikakamaa. Wapita njia walikuwa wakisimama kunitazama juu ya ukuta, mjane wa watu anainamia mbwa asubuhi na jioni, na najua maneno yaliyosemwa, kwa sababu jirani yangu aliniletea yote bila ya kupunguza.

"Wanasema unamsujudia."

"Waambie sijamaliza."

Kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala, nami nililala vizuri sana siku zile, kwa uchovu.

Jambo jengine nililomfundisha ni hodi. Mtu akipiga hodi getini, mbwa aende kwenye gunia lake na akae pale, dagaa watamfuata. Hilo alilishika upesi mno, kwa sababu hodi hapa kwetu hupigwa hata na mtu anayepita tu kusalimia, akapata mazoezi bure kutoka kwa mtaa uliokuwa ukimsema. Kisha shoga akaja kuinama, kwa sharti kwamba dagaa awatupe yeye mwenyewe kutoka juu ya ngazi. Kisha fundi wa pampu, nilimwomba avue mabuti, akavua akishangaa. Kisha wateja.

Hapo nilifanya haraka. Mteja mmoja aliinama huku mkoba umemning'inia, mkoba ukabembea, mbwa akarudi chini ya tangi na hakutaka dagaa wangu hata nilipompelekea puani. Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu Shaaban ilikuwa imeshaandama, na nikajiona tayari niko Jang'ombe, nalala katikati ya masufuria. Lakini mbwa hajui Shaaban. Nikarudi kule kwenye mlimao, nikainama kidogo, kama mtu aliyeona sindano.

Siku ya khitma nilimfunga kamba, ndefu na nyepesi, kwa ajili ya roho za wageni. Gunia lake nililiacha palepale karibu na tangi. Wanaume niliwatandikia mikeka chini ya turubai, wanawake ndani, na pilau ilikuwa inapikwa nyuma tangu asubuhi. Hodi ya kwanza ilipopigwa aliondoka mwenyewe akaenda kwenye gunia akakaa. Watu wakaanza kuingia. Wengi walikuja, kuliko mwaka mwengine wowote, na sidhani wote walikuja kwa ajili ya mama. Wakafika ngazini, mmoja mmoja, wakamtupia jicho mbwa, wakainama.

Akawatazama. Masikio yakisimama na kulala, mkia ukipiga gunia. Nilikuwa nimesimama ngazini na mfuko wa dagaa kiunoni, chini ya buibui, ninanuka kama soko la samaki, nikimtupia mmoja kila migongo michache. Hakubweka. Mshangao wa watu ulikuwa mtamu kuliko pilau. Jirani wa magoti alipofika akashika nguzo, akazitupa ndara zake, akamtazama mbwa akasema, "Leo umesoma na wewe." Kaka alikuja, akainama, akavua makubadhi yake yote mawili kwa utulivu, akayapanga, akapita bila ya kuniangalia. Nami nilihisi nyumba yangu imetulia chini ya miguu yangu, kuta na paa.

Majuzuu yakagawiwa, khitma ikasomwa, dua ikasomwa, nikalia kidogo nilipomsikia kaka akimtaja mama yetu, kwa sababu sauti yake ilitetemeka na anampenda kama ninavyompenda. Kabla ya chakula ikawa adhuhuri. Wanaume wakaenda kutia udhu. Mfereji wa nyuma ulikuwa na foleni, kwa hiyo kaka akaenda kwenye ule ulio chini ya tangi.

Nilikuwa natoka na sinia la kachumbari, nikayaona yote. Alimaliza udhu wake, akafunga bomba, akainama kukunjua miguu ya suruali chini ya kanzu. Mbwa akaona mgongo umeinama na mkono umeshuka, akafanya alivyofundishwa. Alikwenda mpaka mwisho wa kamba, akakaa mbele ya kaka, mkia unafagia mchanga, akamnyooshea pua kwenye mkono. Pua ya mbwa ni mbichi. Iligusa mkono, ikagusa kanzu. Kaka akashtuka, na mkono wake nao ukafanya ulivyofundishwa. Ulishuka, ukaokota jiwe la tumbawe pembeni ya tangi. Mbwa alipouona unashuka mara ya pili akainuka kwa furaha. Jiwe likampata juu ya jicho, kutoka karibu mno.

Alilia mara moja. Kisha akakaa tena. Damu inamteremka puani, amekaa wima kwa adabu zake zote, anautazama mkono wa kaka, anangoja dagaa.

Wanaume waliokwisha kutia udhu na kurudi turubaini waliona. Kaka alisimama akiutazama mkono wake kama si wake, na ninaamini mpaka leo kwamba hakukusudia. Lakini kutokukusudia kwake hakukuzuia damu. Niliweka sinia chini.

"Kaka," nikamwambia, "kavae viatu vyako."

"Amenitia najisi nimo kwenye udhu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Udongo ule, maji yale, rudia udhu wako kwenu. Mbwa amefanya ulivyotaka, hakumtisha mtu. Aliyepiga mtu wa nyumba hii ni wewe."

"Unanifukuza? Khitma ya mama yetu, kwa ajili ya mbwa?"

"Kwa ajili ya nyumba. Hapa kwangu, kaka. Wewe mkubwa wangu, shikamoo yako nitakupa mpaka nife. Lakini hapa kwangu."

Alitazama watu. Nadhani alingoja mmoja wao anikemee, na mimi pia nilingoja. Mwanamke kumtoa kaka yake mkubwa mbele za watu, siku ya dua ya mama yao, sijapata kusikia. Ila singefanya vyengine.

"Haya, baki na mbwa wako," akasema.

"Ndivyo nnavyokwambia siku zote."

Akaenda ngazini, akainama, akavaa makubadhi yake. Wengine wa Jang'ombe waliondoka naye bila ya kula, na wengine walibaki. Jirani wa magoti alibaki, tena alikula sahani mbili, kisha akaagiza kwake manjano na kitambaa safi, akaviweka mbali na mbwa, kwenye ukingo wa ngazi. "Vya dawa hivyo," akaniambia. "Sikuvileta kwa mapenzi."

Jicho lilipona. Kaka hajaja tangu siku ile. Nampigia simu kila Ijumaa, nampa shikamoo yake, ananiambia marahaba na kukata. Lakini habari ya chumba cha masufuria haijatajwa tena na mtu yeyote wa ukoo wetu, kwa sababu wote wanajua nitajibu nini na mbele za nani.

Kilichonikalia rohoni si kaka. Ni vile alivyokaa yule mnyama kungoja. Nilimvua woga wake wote, na woga ule ndio uliomfikisha hai mpaka getini kwangu. Nilimpeleka mikono mitupu kwenye mji uliojaa mawe. Shoga yangu aliniambia nimwache sasa arudie meno yake, apumzike na mimi nipumzike. Nikakataa. Nilirudi tena ndani ya ua na dagaa wangu na mgongo wangu mbovu, na safari hii nikamfundisha jambo jengine. Mkono wa mtu ukishuka, asiukimbilie wala asiubwekee. Ageuze kichwa anitazame mimi kwanza.

Ilichukua muda, ameshika. Jana mteja aliinama kufungua kiatu, na mbwa wangu, kovu juu ya jicho, akageuka akanitafuta kwa macho barazani. Nilikuwepo. Nilikuwa kwenye cherehani langu, nyumbani kwangu.